Kuchuna Ngozi ya Ziwa

Kazi yangu ilikuwa kuchuna ngozi ya maji. Naandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu nyinyi vijana wa kituo mkiulizwa na wazazi wenu mnasema mnafanya "utafiti", na mzazi anaondoka akidhani mnauza bima. Semeni mnachuna. Ziwa lina ngozi, nyembamba kuliko ile inayoganda juu ya maziwa ya moto, na kazi ni kuitoa bila kuchukua nyama iliyo chini yake. Mengine yote, mashine, kompyuta, wageni wenye kofia pana, yanakuja baadaye.

Mambo ya vyeo na mishahara siandiki. Anayeyataka amuulize mhasibu, akimkuta.

Nilirudi Rwanda baada ya mauaji, wakati ule watu wengi waliporudi, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Nilizaliwa na kukulia upande wa Kongo. Shule niliiacha darasa la tatu na haikunililia. Nilijua kasia, nilijua wavu, nilijua kufungua mota ya pirogi, mtumbwi wetu, na kuirudisha bila kubaki na msumari mkononi. Hayo nilijifundisha mwenyewe na sikumshukuru mtu. Mji wetu wa Cyangugu wakati huo ulikuwa na nyumba nyingi kuliko watu wa kuzijaza, na Ziwa Kivu ambalo watu walilitazama kwa mbali. Walikuwepo ambao hawakula samaki wake. Sababu yao kila mtu aliijua, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Kituo kilikuwa nyumba ndogo chini ya barabara, karibu na mahali boti zinapofunga gati. Mkuu wake alikuwa Docteur Domitille, mrudi kama mimi, ila yeye alirudi na diploma. Juma lake la kwanza kina mama walimletea watoto wenye homa. Akawaambia yeye ni daktari wa maji. Mmoja akamjibu, "Basi huyu eko na maji mu mapafu. Umuangalie."

Mimi alinitaka kwa ajili ya pirogi. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama ninaweza kuishikilia pirogi mahali pamoja bila nanga na bila kuyachafua maji yaliyo mbele yake. Nikamwambia hakuna mtu kuanzia hapa hadi Kibuye anayenishinda kwa hilo. Akasema, "Tutaona." Tuliona.

Siku ya kwanza alinikabidhi kwa Mzee Mugisho. Huyu alikuwa Mushi kwa kabila, mtu wa Bukavu upande wa Kongo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyevuka daraja la Rusizi kwa miguu kila asubuhi na kurudi kwake kila jioni. Maisha yake yote aliosha vioo vya maabara. Aliviosha kwa Wazungu, akaviosha kwa Wakongo, mwishowe akaviosha bila kuwa na wa kumwoshea, hadi watu wenye bunduki walipokuja kubeba vioo vyenyewe. Ndipo Docteur akamwita upande huu. Suruali yake ilikuwa kuukuu lakini imepigwa pasi, na ngozi yake iling'aa, uso, mikono, mpaka visigino, kama mtu anayekwenda kuposa. Nikadhani ni majivuno. Sikumlaumu, na mimi ninayo.

Akanionyesha kioo. Kilikuwa kipande cha kioo cha dirisha, ukubwa wa ubao wa mwanafunzi, kimesuguliwa kingo zote. Nikauliza sabuni iko wapi.

"Ya nini?"

"Ya kuosha."

"Ndugu yangu, sabuni ndiyo ya kwanza kukimbilia yulu ya maji. Ukiosha na sabuni, kule Ulaya tunatuma chupa, batasoma sabuni. Hawatasoma ziwa."

Basi jueni na nyinyi. Kioo kinaoshwa kwa spiriti, kisha kwa maji safi ya maabara, kisha kwa maji ya ziwa lenyewe, na hakifutwi kwa kitambaa chochote, hata kile cha altare. Unavaa ganti, glavu za mpira. Alfajiri, upepo ukiwa bado haujaamka, unaelekeza pua ya pirogi upepo unakotoka ili uchafu wenu wote, jasho, pumzi, moshi, urudi nyuma. Mota imezimwa zamani. Mtu wa mbele anapiga goti, anazamisha kioo kikiwa wima, anakingoja kitulie, halafu anakivuta juu taratibu. Ngozi ya maji inapanda pamoja na kioo, imekigandia pande zote mbili. Hapo unaikwangua kwa ulimi wa mpira kuingia kwenye faneli, na kutoka kwenye faneli inaingia kwenye chupa ya kahawia. Matone machache. Unarudia asubuhi nzima upate chupa moja. Ukivuta haraka unachukua na maji ya chini, na chupa hiyo ni ya kunyweshea kuku.

Mzee alikuwa na mwendo wake. Alivuta kioo huku akihema mara moja, pumzi ndefu ya kutoka, kama mtu anayeweka chini mzigo wa mtu mwingine. Mimi nyuma nilishika kasia na kunyamaza. Si kawaida yangu.

Nilitaka kujua chupa zinakwenda kufanywa nini. Docteur alituchorea kwenye boksi la dawa. Ng'ambo, kule Ulaya, maji yetu yanamwagwa kwenye kisahani, na mianga miwili ya leza inapigwa juu yake kwa pamoja, mahali pamoja. Mmoja jicho linauona, mwingine haliuoni. Inawaka na kuzimika kwa upesi ambao yeye mwenyewe alikosa mfano wake.

"Kama kufumba jicho?" nikamsaidia.

"Papa Innocent, kama mwanga ule ungekuwa ni kufumba jicho, basi kufumba jicho kwako kungekuwa maelfu ya miaka."

Nikaacha kumsaidia. Akaendelea. Mianga hiyo ikikutana inazaa mwanga wa tatu, na huo wa tatu hautoki ndani ya maji. Ndani, chembe za maji zinaelekea kila upande na zinafutana sauti. Unatoka juu tu, pale maji yanapogusana na hewa, kwa sababu hapo chembe zimejipanga. Zile za juu kabisa zinanyoosha mkono mmoja hewani. Kitu chochote chenye mafuta kikilala juu yao, mkono unashuka. Leza ina haraka kiasi cha kuuona mkono huo ukicheza, juu au chini, na kila kitu kilicholala pale kinacheza kwa namna yake. Docteur akachora vilima. Kilima hiki ni mkono wa maji. Kilima hiki ni mafuta.

Mzee Mugisho aliinamia boksi. "Kumbe," akasema, "hata maji inainuaka mikono."

Hayo yalikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo, tuelewane. Ziwa lilikuwa mpaka, na juu ya mpaka watu wanaonekana kuliko samaki. Asubuhi moja jua lilitoka ghafla likapiga kioo chetu, na haukupita muda boti ya askari wa doria ikatujia kwa kasi, ikavuruga maji yote tuliyokuwa tumeyanyemelea.

"Munaita nani na hiyo kioo?" mkubwa wao akapiga kelele.

"Tunaita maji," Mzee akasema. "Lakini imekimbia sasa. Imeona nyinyi."

Mimi nilijua tunakufa. Askari mmoja mdogo akacheka, mkubwa akamtazama vibaya, halafu naye akaomba aonyeshwe. Mzee akazamisha, akavuta, akakwangua, akamwonyesha matone matatu chini ya faneli.

"Na hii inafanya nini?"

"Hatuyajue bado," Mzee akasema.

"Basi munateseka bure," akasema askari, akatuachia. Docteur alipopata habari alikwenda kuandikisha pirogi yetu kwa wakubwa wa doria, na mimi nikapaka kingo za kioo rangi nyeusi. Rangi ile ilitugharimu siku nyingi za kuosha mpaka iache kutoa harufu. Msirudie.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe, ile ambayo mmekuwa mkiisimulia vibaya jikoni.

Simu ilikuja kutoka ng'ambo. Docteur alizungumza Kifaransa kwa muda mrefu akiwa amesimama, kisha akatuita. Chupa zetu zote zilikuwa na kilima cha mafuta. Kikubwa, kimefunika kila kitu.

"Ziwa limechafuka," nikasema.

"Hapana. Hata chupa ya ushahidi inayo."

Chupa ya ushahidi ni maji safi ya maabara tunayoyamwaga juu ya kioo kilekile, kwa mikono ileile, bila kugusa ziwa. Ikiwa na mafuta, mafuta yametoka kwetu.

Akatuambia na lililobaki, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha. Wakubwa wa ng'ambo walisikia kwamba mshika kioo ni mtu anayetoka upande wa vita kila siku, wakaona jibu wamelipata. Walitaka mwingine, mkazi wa upande huu. Docteur aliomba apewe mpaka mzigo unaofuata wa chupa. Ukienda mchafu, Mzee anaondoka.

 Kwa Mzee hilo halikuhitaji maelezo. Karatasi yake ya kuvukia ilikuwa imeandikwa kwa jina la kituo. Bila kituo hakuna karatasi, bila karatasi hakuna daraja. Na ng'ambo ya daraja alikuwa na mke mgonjwa wa miguu na wajukuu ambao baba yao alitoka nyumbani wakati wa vita ya kwanza, hawajamwona tena. Unga waliokula ulitoka upande wetu, begani kwake.

Kila mtu akaanza kutafuta mafuta. Mimi niliisugua pirogi kwa mchanga mpaka mbao zikaomba msamaha. Nikauhamisha mtungi wa mafuta ya mota hadi kando ya barabara. Kisha nikamgeukia Maman Nyota, aliyekuwa anakaanga mikate mlangoni petu. Yeye pia alikuwa mtu wa Bukavu, alivuka kila siku na beseni lake, nusu ya mikate imekaangwa kwake, na sisi ndio tuliokuwa wanunuzi wake wakuu. Nikamwambia asogee mbali, yeye na moshi wake.

"Papa Innocent, mikate yangu imekosa nini?"

"Mafuta yako yameonekana Ulaya."

"Ulaya!" Akaita kina mama wengine waje kusikia. "Mukuje! Mikate yangu imefika Ulaya na mi mwenyewe sijafika hata soko ya Kamembe! Papa, na bale bazungu, baliiona tamu?"

Alisogea, lakini kwa wiki nzima aliniuzia mikate iliyoungua.

Docteur ndiye aliyeyapata. Hakutafuta kwenye pirogi. Alikaa ofisini na vipande vitatu vya kioo kisafi, akatuita mmoja mmoja. Tulinawa kama siku zote, tukavaa ganti kama siku zote, tukashika kioo, tukakiweka. Yeye mwenyewe alifanya hivyo hivyo. Kisha akavimwagia maji. Kioo kisafi kinavaa maji kama shuka. Kioo chenye mafuta kinayakataa, maji yanakatikakatika na kuwa matone.

Changu kilivaa shuka. Mke wangu alikuwa akinilalamikia kila Jumapili kwamba ninakwenda kanisani na mikono kama gome la mti. Siku hiyo gome lilisifiwa. Cha Docteur kilikatika kidogo pembeni, akacheka mwenyewe na kusema ndiyo maana hashiki. Cha Mzee Mugisho kilikatika chote. Matone yalikaa juu yake kama jasho.

"Mzee, unajipaka nini?" Docteur akauliza, kwa upole.

"Vazelini. Ikikosekana, mafuta ya mawese."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kuvuka."

"Lakini unanawa hapa. Nakuona."

"Ninanawa. Inatoka ndani, Docteur. Hii ni mafuta ya miaka."

Alikuwa anasema kweli. Ngozi iliyokunywa mafuta kila asubuhi inayarudisha polepole mchana kutwa. Akivaa ganti, mkono mtupu unaigusa ganti kwa nje. Akiinama, paji la uso linadondosha. Docteur akamwambia basi aache kujipaka, na alilisema kama mtu anayemwambia mwingine aache kuvuta sigara. Mzee akamtazama.

"Docteur, weye unavukaka na gari. Bale basikari ba bariyeri ya daraja habaanzake na karatasi. Banaanzaka na mikono. Baseme, onyesha mikono, onyesha miguu. Muntu mwenye ngozi ya majivu, amelala mu pori. Mwenye kung'aa, amelala kwake, bibi yake amemupa mafuta. Ni vile banatuchagua. Kijana wa jirani yangu alichelewa kuamka, akavuka bila kujipaka. Banamuweka pembeni."

"Kisha?"

"Kisha ni pale pembeni, Docteur."

Docteur akainuka, akafungua dirisha ambalo lilikuwa tayari limefunguliwa.

Tulijaribu. Mimi nilimvika ganti kwa mikono yangu ya gome, asiguse nje. Tukamvika koti la mvua mpaka kidevuni na kitambaa kichwani, akawa kama mtawa aliyepotea. Docteur akamwagia kioo maji: nafuu, lakini matone bado. Nikamwambia ahamie kwangu, alale upande huu, kuna chumba. Akanishukuru, akasema nyumba isiyo na mwanamume usiku, kule kwao, mlango wake haufiki asubuhi. Sikuendelea.

Basi asubuhi moja, wiki chache kabla mzigo haujafungwa, Mzee hakuja. Alfajiri ziwa lilikuwa limelala kabisa, maji ya kuchuna, na mimi na Docteur tulikaa kwenye pirogi tumeifunga gatini, tukiangalia barabara. Jua likapanda. Upepo ukaanza kama unavyoanza Kivu, mikunjo midogo kwanza, halafu ziwa lote likavimba manyoya. Tukatoka majini.

Alifika mchana ukiwa umeshaegemea. Nilimwona toka mbali nikadhani ni mtu mwingine. Alikuwa wa kijivu. Miguu, mikono, midomo, vyote vimepauka, na vumbi la pale alipokalishwa lilikuwa kwenye suruali yake ya pasi. Nyuma yake alikuja Maman Nyota na beseni tupu, anafoka.

"Banamukalisha mu jua tangu asubuhi! Mi nikasema, huyu namujua, ni Papa ya maji. Baseme, maji gani? Nikasema, huyu anatumaga maji Ulaya. Bakacheka. Nikabapa mikate yote. Yote! Njo bakamuachilia. Papa Innocent, sasa na weye utanunua beseni nzima ya kesho."

Nilinunua.

Mzee alikuwa amenyoosha mikono mbele yake, viganja juu, anamwonyesha Docteur. "Iko safi," akasema. "Muangalie. Mumwagie maji."

Docteur hakumwaga. Alitazama ziwa, naye Mzee akageuka, akaliona. Mawimbi yalikuwa yanapiga mawe ya gati. Ngozi ya ziwa ilikuwa imeraruka hata kwa jicho tupu, na ingekaa hivyo mpaka jioni, wakati ambapo yeye alipaswa kuwa ameshavuka kurudi.

Nilimwona akilifikiria hilo mpaka mwisho wake. Asubuhi inayofaa kioo ndiyo asubuhi inayotaka mafuta. Mkono ukipita bariyeri mapema, haufai. Ukifaa, unafika upepo umeshakuja. Hakuna aliyeipanga hivyo. Ilikuwa tu hivyo.

Akakaa juu ya jiwe, akaishusha mikono. "Papa Innocent," akasema, "kesho utashika kioo."

"Mimi ni wa kasia."

"Ulikuwa."

Kesho yake alikuja mapema, aking'aa. Mimi nilipiga goti mbele. Mzee alikaa nyuma kabisa, upande ambao upepo unaondoa kila kitu, mikono ameifungia kwapani ndani ya koti la mvua, maana hata kasia hakuruhusiwa kushika. Mafuta ya mkono yanapitia kwenye kasia na kuingia majini. Kasia akalishika Docteur. Alikuwa na diploma nyingi na pirogi ilizunguka kama mbuzi aliyefungwa. Nilimwambia hivyo. Akasema nitazame mbele.

Mzee alinifundisha kwa mdomo tu. Watu hudhani ni rahisi.

"Pole. Pole! Unavuta kama muntu anatoa mwizi kwa dirisha."

Nilivuta tena.

"Sasa unavuta kama kioo ni ya mwizi yeye mwenyewe. Kioo si adui yako. Uhemeshe. Hapana weye, kioo!"

"Kioo hakihemi, Mzee."

"Ndiyo maana inakushinda."

Asubuhi nyingi. Mabega yangu, ambayo yalikuwa yamevuta nyavu zenye uzito wa ng'ombe, yalitetemeka kwa kipande cha dirisha. Kuna siku nilimwambia aje ashike mwenyewe. Akaniangalia tu kutoka nyuma, mikono kwapani, na mimi nikageukia maji.

Mzigo ulikwenda. Majibu yalikuja kwa simu tena, na safari hii Docteur alikaa chini akisikiliza. Kilima cha mafuta hakipo. Kwenye chupa ya ushahidi mikono ya maji imesimama yote. Na kwenye chupa za ziwa kimetokea kilima kingine, kidogo, ambacho hakijawahi kuonekana kwa sababu kilikuwa kimefunikwa: kitu cha ziwa lenyewe, kinachotoka kwa majani madogo madogo yanayoelea, Docteur alisema. Alifurahi sana na kilima hicho. Mimi nilimtazama Mzee, maana nilisikia swali lililofuata kwenye simu. Kifaransa changu ni cha sokoni lakini kinatosha. Waliuliza: kama kioo sasa kiko kwa mwingine, yule mzee anafanya nini?

Docteur akajibu kwamba mvuta kioo mpya bado ni mwanafunzi. Kwamba hawezi kuachwa bila mwalimu. Wakauliza mpaka lini. Akasema, mpaka ajue.

Ilinichoma. Nilikuwa mtu mzima niliyejifundisha kila kitu, na sasa ninaitwa mwanafunzi mbele ya Ulaya nzima. Docteur alikata simu, akaniona nilivyokaa. "Papa Innocent," akasema, "unaweza kuchukua muda wako." Halafu akaenda kutafuta chai.

Nikauchukua. Msimu ukapita, na mwingine. Vita haikuisha, bariyeri haikuondoka, na Mzee alivuka na kung'aa na kukaa nyuma. Kila simu ilipouliza kama mwanafunzi amehitimu, Docteur alijibu bado. Sokoni Kamembe watu walinitania: Papa Innocent, bado darasa la kwanza? Nilikuwa na majibu yangu kwa hao, si ya kuandikwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajua. Mzee alijua pia. Kuna asubuhi nzima zilizopita bila yeye kusema neno, na chupa zilitoka nzuri kuliko zake. Kwa hilo nina hakika, na sitaomba radhi kwa kulisema.

Kisha akaja mgeni kutoka kule kwenye leza, kijana mrefu, mpole, amechomwa na jua pua nzima. Alitaka kuona jinsi tunavyochuna. Docteur alituambia jioni kabla ya siku hiyo kwamba mgeni atarudi kwao na maoni yake juu ya watu wa kituo: nani anahitajika, nani hahitajiki. 

Maji yalikuwa mazuri ajabu. Nilivuta mara ya kwanza na kioo kikapanda kama kinajivuta chenyewe, kimevaa shuka toka juu hadi chini. Mgeni akasema kitu kwa Docteur. Nilikielewa. Alisema: huyu anajua.

 Nyuma yangu koti la mvua la Mzee halikutoa hata sauti.

Nikazamisha tena. Nikakingoja kioo kitulie. Halafu nikakikwanyua juu kama mtu anayetoa ndoo kisimani, maji yakaruka, yakamlowanisha mgeni mpaka magotini, na ulimi wa mpira nikauburuza kinyume. Chupa ile niliimwaga palepale, hakuna leza iliyodanganywa.

Mgeni alitazama magoti yake. Halafu Mzee Mugisho akaanza.

"Munaona? Munaona huyu? Kila siku namwambia! Kichwa ngumu kama jiwe ya Nkungu! Ndoo! Unatoa ndoo? Umekuja kuteka maji ya bibi yako?" Aliinuka nusu, pirogi ikayumba, mikono bado kwapani. "Docteur, umwambie mugeni, mi nimezeeka na huyu muntu! Masomo haingie, haingie hata ukimupiga!"

Docteur alitafsiri, yote, bila kucheka. Mgeni alijipangusa suruali. Akauliza kwa wasiwasi kama Mzee ataweza kuvumilia muda zaidi na mwanafunzi kama huyu. Mzee akasema atajaribu, kwa ajili ya kazi.

Alinigombeza mpaka gatini. Alinigombeza mbele ya Maman Nyota, aliyeweka beseni chini ili asikie vizuri. Baadhi ya aliyoyasema hayakuwa ya lazima, na nilimweleza hivyo baadaye, tukiwa wawili. Akasema yalikuwa yamekusanyika.

Mgeni aliondoka Jumamosi. Jumatatu alfajiri, ziwa limelala, Mzee alivuka daraja, akashuka, akakaa nyuma ya pirogi, akaifungia mikono kwapani, na akaanza kunisema kabla hata sijalowanisha kioo.